Farasi Koko: Jina na Umbo la Mustang

Sina gari, na sijawahi kuwa na tamaa ya gari. Miaka yote niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari nilikwenda kazini kwa miguu, kwa baiskeli au kwa daladala, na sasa nimestaafu naendelea vivyo hivyo. Hata hivyo lipo gari moja la Kimarekani lililonikaa akilini kwa muda mrefu, si kwa mwendo wake bali kwa jina lake. Gari hilo ni Ford Mustang. Ninaliandikia hapa, mbele ya washairi na wapenzi wa lugha, kwa kuwa historia yake inagusa mambo tunayobishania kila siku: jina hubeba nini, umbo lina kazi gani, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba kitu kimeacha kuwa kile kinachoitwa.

Tuanze na neno lenyewe. Mustang limeingia katika Kiingereza kutoka Kihispania cha Meksiko, ambako mesteño au mestengo lilikuwa jina la mnyama wa kufugwa aliyepotea na asiyejulikana mwenyewe. Wahispania walipofika Amerika hawakuwakuta farasi huko. Waliwaleta wao kwa merikebu kuanzia mwishoni mwa karne ya 15, na Hernán Cortés alishuka nao Meksiko mwaka 1519. Baadhi yao walitoroka au kupotea, wakazaliana mbugani, na baada ya vizazi kadhaa wakawa makundi makubwa yaliyozunguka nyika za magharibi. Kwa hiyo mustang si mnyama wa mwitu kama alivyo pundamilia, ambaye mababu zake hawakuwahi kuonja lijamu. Yeye ni mjukuu wa farasi waliotandikwa, wakatoroka, wakasahau tandiko.

Sisi tungemwitaje? Tunaye mbwa koko, na tunaye paka shume. Kwa kipimo cha maana ya msingi, tafsiri iliyo karibu zaidi na mustang ni "farasi koko". Lakini hebu litamke kwa sauti. Neno koko lina dharau ndani yake. Linakumbusha jalala, mbavu zilizotokeza na mawe ya watoto. Kinachotajwa ni kile kile, yaani mnyama wa kufugwa asiye na mwenyewe, ila hisia zimepishana kabisa. Mmarekani alipomtazama mnyama huyo aliona uhuru. Sisi tukimtazama wa kwetu tunaona aliyekosa wa kumlisha. Hakuna kampuni ambayo ingethubutu kuuza gari liitwalo Koko. Katika kufundisha tofauti baina ya maana ya msingi na maana ya ziada, sikuwahi kupata mfano ulio wazi kuliko huu. Neno haliingii katika ubeti peke yake. Huingia na ukoo wake wote.

Kampuni ya Ford iliujua uzito wa majina kwa gharama kubwa. Mwaka 1955, ilipokuwa ikiandaa gari jingine, watu wake wa utafiti wa masoko walimwandikia barua mshairi Marianne Moore, aliyekuwa amepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1952, wakimwomba awasaidie kubuni jina. Bibi huyo aliipokea kazi hiyo kwa furaha, akatuma majina kwa mafungu. Mojawapo lilikuwa Resilient Bullet, risasi yenye ustahimilivu. Jingine lilikuwa Mongoose Civique, nguchiro mwenye adabu za kiraia. Lililopata umaarufu kuliko yote ni Utopian Turtletop, ambalo hata kulifasiri ni taabu, maana kobe, paa la gari na nchi ya ndoto vimebanwa katika maneno mawili. Kampuni ilimtumia maua kwa shukrani, kisha ikayaacha majina yake yote. Gari likaitwa Edsel, jina la mwana wa Henry Ford aliyefariki mwaka 1943. Liliingia sokoni Septemba 1957, na Novemba 1959 utengenezaji wake ukasimamishwa.

Washairi wenzangu wasishangilie mapema. Edsel halikuanguka kwa sababu ya jina tu. Lilikuja wakati uchumi wa Marekani ukidorora, na watu wengi waliicheka sura yake. Wala siamini kwamba kobe wa Bibi Moore angeliokoa. Lakini yatazame majina hayo kwa jicho la mtunzi. Yale ya Moore yalisimulia ubunifu wa Moore. Lile la Edsel lilisimulia ukoo wa wenye kampuni. Mnunuzi hakuwamo katika lolote kati ya hayo, na mtu asiyejiona ndani ya jina hana sababu ya kulitamka.

Mwaka 1960 Lee Iacocca, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia, alikabidhiwa uongozi wa kitengo cha magari ya Ford akiwa na umri wa miaka 36. Aliona kwamba watoto waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wanakaribia umri wa kununua magari, na kwamba hawangetaka magari ya baba zao. Lakini kidonda cha Edsel kilikuwa bado kibichi, na wakubwa wa kampuni hawakuwa tayari kugharamia gari jipya kuanzia msumari wa kwanza. Basi wahandisi wakalichukua Falcon, gari dogo la familia, la bei nafuu, lenye sifa ya kutosumbua. Wakatumia sehemu zake za chini, injini zake na vifaa vyake vingi vya ndani. Juu yake wakavisha bodi mpya.

Bodi hiyo ilitokana na mashindano ya wasanifu wa ndani ya kampuni mwaka 1962, ambapo kazi ya timu ya Joe Oros ilishinda. Boneti ilikuwa ndefu, buti fupi, na chumba cha abiria kimesogezwa nyuma, kama mtu aliyevuta pumzi kabla ya kuanza kukimbia. Ubavuni palikuwa na mkunjo uliotoka mbele na kukomea karibu na gurudumu la nyuma. Mfano wa mwanzo ulipewa jina la Cougar, paka mkubwa wa milima ya Amerika, na majina mengine yakajaribiwa baada yake. Jina lililoshinda lina wadai zaidi ya mmoja. Wapo wanaosema lilitokana na P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Marekani, na wapo wanaosema lilitokana na kitabu cha J. Frank Dobie juu ya farasi hao. Kwa vyovyote vile, safari hii jina lilimtaja mnunuzi. Lilimwambia kwamba naye, aliyefungwa kwa kazi ya ofisini na malipo ya nyumba, ana damu ya mtoro.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ford hawakutaka kuijaribu methali hiyo. Usiku wa kuamkia uzinduzi walitangaza kwa wakati mmoja katika mitandao yote mitatu mikuu ya televisheni ya Marekani, na Iacocca akatokea katika majalada ya Time na Newsweek kwa wiki moja. Tarehe 17 Aprili 1964 gari lilionyeshwa kwa umma katika Maonyesho ya Dunia mjini New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Siku hiyo ya kwanza Ford walitangaza kupokea oda 22,000. Katika miezi kumi na miwili ya mwanzo yaliuzwa magari 418,812, na kabla miaka miwili haijatimia la milioni moja lilikuwa limeshatoka kiwandani.

Hapa nawaomba mnivumilie, maana mwalimu wa fasihi hastaafu. Kila mwaka wanafunzi waliniuliza swali moja kwa maneno tofauti: ikiwa maudhui ndiyo ujumbe, fani inaongeza nini zaidi ya urembo? Falcon na Mustang ni jibu linaloweza kuguswa kwa mkono. Kwa sehemu kubwa yalikuwa gari moja. Falcon maana yake ni kozi, ndege wa mawindo, jina lenye heshima katika lugha yoyote. Lakini sijapata kusikia wimbo wa kulisifu. Mustang lilipata wimbo mapema, "Mustang Sally", uliotungwa na Mack Rice mwaka 1965 na kuvumishwa na Wilson Pickett mwaka uliofuata. Mwaka 1968 likapata sinema, Bullitt, ambamo Steve McQueen analirusha katika miteremko ya San Francisco kwa takriban dakika kumi, pasipo mazungumzo ya kukumbukwa. Kilichobadilika kati ya gari la kwenda sokoni na gari la kuimbwa ni uwiano: urefu wa mbele dhidi ya ufupi wa nyuma, na jina lililolingana na uwiano huo.

Mshairi naye hana kiwanda chake cha maneno. Anatumia yale yale ya muuza samaki na ya karani wa benki. Anachofanya ni kuyapanga mpaka yapate mwendo ambao hayakuwa nao yalipokuwa sokoni. Anayesema umbo ni pambo la kubandikwa juu ya ujumbe uliokwisha kamilika, na aeleze kwa nini watu waliolipita Falcon bila kugeuza shingo walipanga foleni kulitazama Mustang.

Lipo na jambo la pili. Ndani ya umbo lile moja, mnunuzi aliweza kuchagua injini ya silinda sita ya kwendea kazini, au ile ya silinda nane kwa mwenye haraka. Aliweza kuchagua paa la bati au la kukunja. Mwaka 1965 Carroll Shelby akalichukua gari lile lile, akaliandaa kwa mashindano, akaliita GT350. Nikiliwaza hilo huukumbuka utenzi. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 unabeba vita, majeshi na upanga. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 unabeba sauti ya mama mgonjwa anayemuusia binti yake. Vyote viwili vimepanda katika vipande vinne vya mizani nane nane, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti hadi ubeti. Bahari moja imechukua injini mbili zisizofanana hata kidogo. Kwa hiyo husikia taabu ninapoambiwa kwamba umbo la jadi humfunga mtunzi. Umbo lililopimwa vizuri lina nafasi kuliko tunavyodhani.

Je, jina lina uzito kiasi gani likitenganishwa na umbo? Historia imetupatia jaribio. Nchini Ujerumani jina Mustang lilikuwa tayari mali ya Krupp, waliolitumia kwa malori yao. Ford wakalazimika kuliuza gari lao huko kwa jina la T-5 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Bodi ilikuwa ile ile na injini zile zile, ila mahali pa jina pakawa na herufi na tarakimu. Nimejaribu kuwaza kijana wa Hamburg akimwambia mchumba wake kwamba amenunua T-5. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, na haina harufu ya nyika hata chembe. Gari lilikwenda vilevile. Kilichoondolewa ni hadithi ambayo mwenye gari angejisimulia akiwa njiani.

Baada ya kilele huja majaribu. Mustang lilianza kunenepa. Kila toleo liliongezwa urefu na uzito ili kubeba injini kubwa zaidi, na kufikia lile la mwaka 1971 wengi waliona farasi amekuwa ng'ombe wa maonyesho. Washairi wanaujua ugonjwa huo. Ni ubeti uliojazwa maneno ya kutimiza mizani, ukawa mzito pasipo kusema zaidi. Kisha likakondeshwa. Toleo la mwaka 1974, lililoitwa Mustang II, lilikuwa dogo, lilitumia vifaa vingi vya Pinto, gari la bei ya chini, na katika mwaka wake wa kwanza halikuwa kabisa na injini ya silinda nane. Wapenzi wa Mustang wanalidharau hadi leo. Lakini lilikuwa limefika sokoni wiki chache tu kabla ya Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipoweka vikwazo vya mafuta na vituo vya petroli vya Marekani vikajaa foleni. Katika mwaka huo wa kwanza liliuzwa zaidi ya mara 385,000.

Mimi nalitetea Mustang II. Halikuwa zuri kama baba yake, ila lilibeba jina kulivusha jangwa. Nasi tunayo ya namna hiyo. Tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, magazeti ya Kiswahili yamechapisha mashairi ya wasomaji yasiyohesabika: ya kusalimiana, ya kujibizana, ya kulalamikia bei ya sukari. Mengi hayatakumbukwa, na mengine vina vyake vilivutwa kwa kamba. Lakini ndiyo yaliyomfanya fundi cherehani na karani wa posta waendelee kuhesabu mizani vidoleni. Bila wao, malenga wakubwa wangeimba katika ukumbi mtupu.

Katika miaka ya 1980 kampuni ilipanga kulibadilisha Mustang liwe gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, likijengwa kwa msingi wa Mazda. Habari zilipovuja, wapenzi waliandika barua nyingi za kupinga. Kampuni ikarudi nyuma. Gari hilo la Kijapani kwa mifupa lilitolewa kwa jina la Ford Probe, na Mustang likabaki na mwendo wake wa magurudumu ya nyuma. Tukio hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Kisheria jina lilikuwa mali ya kampuni, lakini waliolitamka kwa miaka ishirini walijiona nao ni wenyeji wake, na wakasikilizwa.

Ubishi huo umezuka upya. Mwezi Novemba 2019 Ford walionyesha gari la umeme lenye milango minne na umbo la kifamilia, wakaliita Mustang Mach-E. Mjukuu wangu, ambaye anajua habari za magari kama mimi ninavyojua habari za tenzi, alinionyesha picha yake kwenye simu, uso ameukunja.

"Babu, hii si Mustang."

"Mbona namwona farasi mbele," nikamwambia.

"Farasi wa kubandika huyo. Milango minne, injini haina, mlio hauna. Wangetafuta jina lao."

Sasa, kijana huyu huyu huandika mashairi huru, na hukasirika mtu akimwambia si mashairi. Nikamwuliza kama na yale maandishi yake yasiyo na vina wala mizani nayo yamebandikwa farasi. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Babu, yangu yana mapigo. Usiyasome kwa macho. Yasome kwa sauti."

Nikayasoma kwa sauti, yeye akisikiliza. Matatu yalikuwa na mapigo kweli. Pumzi ilijua pa kusimama, na neno la mwisho lilisubiriwa kama kina. Mengine yalikuwa nathari iliyokatwa vipande. Nilimwambia hivyo, na hakubishana nami sana.

Mazungumzo yetu yalinifafanulia ninachokiamini. Kaluta Amri Abedi alitupa sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alituletea Kichomi mwaka 1974, akiwa amezivunja nyingi kati ya hizo. Tangu hapo tumegawanyika, kila upande ukidai hati ya kumiliki neno shairi. Mimi nimesimama upande wa vina na mizani, na sitarajii kuhama. Lakini sidhani kuwa neno shairi linalindwa kwa kuhesabu tu. Ni ahadi, na ahadi ni deni. Humwahidi msikilizaji kwamba maneno aliyoyazoea atayasikia yakienda mwendo mwingine, na kwamba atatamani kuyasikia tena. Anayelipa deni hilo kwa vina amelipa. Anayelilipa kwa pumzi na mapigo, amelipa pia, ingawa kwa sarafu ngumu zaidi kuipata. Na mwenye mizani kamili ambaye ubeti wake hautembei, huyo amembandika farasi kwenye gari lililosimama.

Mwaka 1971, gari lilipokuwa katika unene wake, wale farasi halisi walikuwa wamebaki wachache, baada ya kuwindwa kwa miongo mingi, wengine wakasagwa kuwa chakula cha mbwa. Mwaka huo bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda, likiwataja kuwa alama hai za roho ya nchi za magharibi. Sheria hiyo haikuagiza wakamatwe wote na kutandikwa. Iliwapa ulinzi wakiwa huko huko nyikani. Farasi koko akapata wa kumtetea, na shingo yake ikabaki bila hatamu. Nautakia ushairi wetu walinzi wa namna hiyo.